Je, Wajua? Ugonjwa Husemwa Kabla Haujapimwa

Mwaka 1975 madaktari wa Nottingham, Uingereza, wakiongozwa na John Hampton, walijiuliza daktari huutambua ugonjwa saa ngapi. Ni pale majibu ya maabara yanaporudi? Ni pale anapomlaza mgonjwa kitandani na kumbonyeza tumbo? Au ni mapema kuliko hapo? Wakachukua wagonjwa wapya 80 wa kliniki. Daktari aliandika anachodhani ni ugonjwa mara tu alipomaliza kusoma barua ya rufaa na kuzungumza na mgonjwa. Akaandika tena baada ya kumkagua mwili, na mara ya tatu vipimo vilipotoka.

Kwa wagonjwa 66, jibu la mwanzo kabisa, lile lililotokana na mazungumzo, ndilo lililosimama hadi mwisho. Kuukagua mwili kulibadilisha jibu kwa wagonjwa 7, na maabara nayo ikabadilisha kwa 7. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani walichapisha utafiti wa namna hiyo hiyo, nao wa wagonjwa 80, na mazungumzo yakatoa jibu sahihi kwa wagonjwa 61. Vipimo vina kazi yake kubwa ya kuthibitisha na kukanusha. Ila swali la kumpima mgonjwa nini hutoka kwenye maneno yake mwenyewe.

Sasa kiangalie chumba cha daktari unachokifahamu. Umetoka nyumbani alfajiri, umekaa foleni ya kadi, foleni ya kupimwa uzito na presha, kisha benchi refu la mlangoni. Unaingia. "Pole. Unasumbuliwa na nini?" Unaanza na homa, unataja kichwa, na kabla hujafika kwenye ganzi ya mguu wa kushoto iliyokunyima usingizi wiki nzima, kalamu inatembea: kapime malaria, kapime na mkojo, urudi na majibu.

Je, wajua daktari hungoja muda gani kabla ya kumkatiza mgonjwa? Mwaka 1984 Howard Beckman na Richard Frankel, huko Marekani, walirekodi mazungumzo 74 ya chumba cha daktari. Wastani ulikuwa sekunde 18. Kati ya wagonjwa hao 74, walioachwa wamalize maelezo yao ya kwanza walikuwa 17 tu. Utafiti mwingine wa Marekani uliotoka mwaka 2018 ulikuta muda umeshuka hadi sekunde 11.

Madaktari wana utetezi wao na ni wa haki: benchi la nje limejaa, na kila mtu akiachiwa aseme mpaka achoke, wa mwisho ataonwa saa ngapi? Hilo nalo lilipimwa, katika hospitali ya chuo kikuu cha Basel, Uswisi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Madaktari waliombwa wanyamaze hadi mgonjwa mwenyewe aseme amemaliza, huku muda ukihesabiwa bila yeye kujua. Wagonjwa walikuwa 335. Wastani wa maelezo yao ulikuwa sekunde 92. Karibu wanne kati ya kila watano walimaliza ndani ya dakika 2. Waliozidi dakika 5 walikuwa 7, na madaktari wao walisema yote waliyoyasikia yalikuwa ya maana. Takwimu hii ningependa ibandikwe katika kila chumba cha daktari, ukutani, pale anapoiona yeye.

Na kuna jambo ambalo wauguzi wazoefu hawahitaji utafiti kulijua. Neno zito husemwa mlangoni. Mgonjwa ameshaaga, cheti kiko mfukoni, mkono uko kwenye kitasa, ndipo anageuka: "Halafu, daktari, kuna hili jingine." Hilo jingine ndilo lililomtoa nyumbani: uvimbe kwenye titi, damu chooni, nguvu za kiume, kipigo cha nyumbani. Kama una jambo la aina hiyo, litangulize. Homa na kichwa vitafuata.

Ndui na mtumwa aliyeulizwa

Je, wajua kwamba wakazi wa Boston, Marekani, walijifunza kujikinga na ndui kutoka kwa Mwafrika aliyekuwa mtumwa? Mwaka 1706 waumini walimnunulia mchungaji wao, Cotton Mather, mtumwa, naye Mather akampa jina la Onesimus. Alipomuuliza kama amewahi kuugua ndui, Onesimus alimjibu kwamba amewahi na tena hajawahi. Akamwonyesha kovu mkononi, akamweleza kinachofanyika kwao: huchukuliwa usaha kidogo wa mgonjwa wa ndui, ukatiwa kwenye mchanjo mdogo wa mtu mzima wa afya. Mtu huyo huugua kidogo tu, na ndui haimrudii maisha yake yote.

Mather angeweza kuishia hapo. Badala yake akawauliza Waafrika wengine wa mjini, mmoja mmoja, nao wakamweleza vilevile. Ndui ilipoingia Boston kwa meli mwaka 1721, katika mji wa watu kama 11,000 waliugua 5,889 na kufa 844. Daktari aliyekubali kujaribu njia ya Onesimus alikuwa mmoja, Zabdiel Boylston. Alianza na mwanawe wa miaka 6 na watumwa wawili, na hadi ugonjwa unapoa alikuwa amechanja watu zaidi ya 240. Kati yao walikufa 6. Madaktari wenzake walimpinga vikali, na hoja mojawapo ilikuwa kwamba maneno ya Waafrika si ya kuaminiwa. Nyumba ya Mather ilirushiwa bomu dirishani, bahati njema halikulipuka. Edward Jenner, ambaye vitabu vingi humtaja kuwa baba wa chanjo, alifanya jaribio lake la kwanza mwaka 1796, miaka 75 baadaye.

Mwisho wa ndui ulitokea kwetu, upande wa Banadiri. Ali Maow Maalin alikuwa kijana wa miaka 23, mpishi wa hospitali ya Merka, Somalia. Oktoba 1977 alipanda gari lililobeba watoto wawili wagonjwa ili amwonyeshe dereva njia ya kuelekea kambi ya kuwatengea. Ilikuwa safari ya dakika chache. Siku chache baadaye akashikwa na homa. Kwanza akatibiwa malaria, kisha vipele vilipotoka akaambiwa ni tetekuwanga. Ilikuwa ndui, na yeye ndiye mtu wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida ya kuambukizwa. Zaidi ya watu 50,000 wa eneo lile walichanjwa ndani ya wiki mbili, hakuna aliyeambukizwa kutoka kwake, na Mei 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imetoweka.

Mfanyakazi wa hospitali alikosaje chanjo? Maalin alieleza mwenyewe baadaye: aliogopa sindano. Na hilo ndilo lililomfanya awe mtu wa thamani kubwa miaka mingi baadaye, polio ilipokuwa ikisumbua Somalia. Alijitolea kwenye kampeni za chanjo, akaketi na wazazi waliokuwa wakikataa, akawasimulia kwamba yeye ndiye wa mwisho wa ndui na kwamba alikataa chanjo kwa woga. Mzazi anayebishana na bwana afya atakosa neno mbele ya mtu kama huyo. Alifariki Julai 2013 kwa malaria, akiwa katika kazi hiyo hiyo ya kampeni ya polio.

Picha zilizowekwa mezani

Mwaka 1957 Hugh Trowell, daktari wa hospitali ya Mulago, Kampala, alimwita mpasuaji Denis Burkitt aje amwone mtoto wa kiume wa miaka 5. Taya za mtoto yule zilikuwa zimevimba pande zote mbili, juu na chini, meno yamelegea, uso umepotoka. Burkitt hakuwahi kuona kitu kama kile. Uvimbe wa taya huwa wa upande mmoja. Huu wa pande nne ulikuwa ni wa nini? Akampiga mtoto picha na kubaki na swali.

Wiki chache baadaye alikuwa Jinja. Akatupa macho dirishani, akamwona mama ameketi nje na binti yake mdogo, na uso wa binti ulikuwa kama wa yule mtoto wa Mulago. Akatoka nje, akamkagua, akakuta tumboni nako kuna uvimbe. Aliporudi Kampala alifukua majalada ya watoto waliowahi kulazwa na saratani, na mtindo ukajitokeza: taya, figo, ini, mifuko ya mayai, tena kwa mtoto mmoja. Kumbe magonjwa yaliyokuwa yameandikwa kwa majina mbalimbali katika idara mbalimbali yalikuwa ugonjwa mmoja.

Ila watoto hawa walitoka wapi, na wapi hawakuwapo? Hakukuwa na takwimu za saratani kwa sehemu kubwa ya Afrika wakati ule. Burkitt, ambaye alikuwa na jicho moja tangu utotoni, alichapisha vikaratasi vyenye picha na kuvituma kwenye hospitali kote barani. Kisha akaona barua hazitoshi. Oktoba 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams wa hospitali ya misheni ya Kuluva, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na Clifford Nelson, waliondoka Kampala kwa gari aina ya Ford lililokwisha kutumika, lililonunuliwa kwa paundi 250. Walikwenda kusini kupitia Kenya, Tanganyika, Malawi na Msumbiji hadi Afrika Kusini. Ilikuwa safari ya wiki 10 na kilomita kama 16,000, na walipita katika hospitali zaidi ya 50.

Nimewahi kujiuliza kazi ya siku moja ya safari ile ilikuwaje, na jibu ni la kushangaza kwa wepesi wake. Wanafika hospitali ya misheni, wanasalimiana na daktari na wauguzi, wanaweka picha mezani. Umewahi kumwona mtoto wa namna hii? Wangapi? Walitoka kijiji gani? Hapa ni mita ngapi kutoka usawa wa bahari? Wanaandika, wanashukuru, wanaingia garini. Hapakuwa na darubini wala damu iliyochukuliwa. Watu wa kazi moja walikuwa wakiulizana wamekutana na nini.

Majibu yalipowekwa kwenye ramani, ugonjwa ulifuata joto na mvua. Ukipanda nyanda za juu, zaidi ya mita 1,500 hivi, watoto wale hawapo. Ukishuka pwani na kandokando ya maziwa, wapo. Ilikuwa karibu ramani ile ile ya malaria. Na mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alikuwa amekutana na ramani kama hiyo tangu mwaka 1949 alipopima damu za watu wa makabila mbalimbali ya nchi hiyo: chembe za selimundu zilikuwa nyingi pwani na kando ya Ziwa Viktoria, na karibu hazipo kwa watu wa milimani. Mwaka 1954 akaonyesha kwa nini: aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu hukingwa na malaria kali.

Sasa turudi nyuma kidogo. Machi 1961, kabla ya safari ile, Burkitt alikuwa amezungumza mbele ya madaktari wa hospitali ya Middlesex, London. Miongoni mwa waliokuja kusikiliza alikuwa Anthony Epstein, mtafiti wa virusi vya saratani ya kuku. Kabla Burkitt hajamaliza, Epstein alikwisha kuamini kwamba ugonjwa ulioonekana tangu hapo kufuata joto na mvua unaweza kuwa na kirusi ndani yake. Wakakubaliana, na vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Uganda kwenda London. Zaidi ya miaka miwili ikapita bila kuonekana kitu.

Desemba 1963, ukungu mzito London ukailazimu ndege yenye kipande kimojawapo itue Manchester. Kilipomfikia Epstein jioni, maji yake yalikuwa yamechafuka, na mtu yeyote angedhani bakteria wameingia, akakitupa. Yeye akachukua tone moja, akalitazama kwa darubini. Chembe za saratani zilikuwa zimejitenga na kipande wakati wa safari, zikielea majini, hai. Hizo ndizo zilizokubali kuoteshwa maabara, na Februari 1964, kwa darubini ya elektroni, kirusi kikaonekana. Leo kinaitwa kwa jina la Epstein na la msaidizi wake Yvonne Barr. Bert Achong, aliyeshiriki kukitazama, hakubahatika kutajwa. Ndicho kirusi cha kwanza kutambuliwa kuwa kinahusika na saratani ya binadamu. Zaidi ya watu wazima 90 katika kila 100 duniani wanacho mwilini, wengi wao bila madhara. Malaria inapomshambulia mtoto tena na tena, kinapata nafasi ya kuleta saratani hii. Na kwa kuwa uvimbe huu huyeyuka haraka kwa dawa, Mulago ikajengewa kituo cha kuutibu mwaka 1967, ambacho ndicho kimekuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Watu milioni mbili chini ya mwembe

Je, wajua kwamba mwaka 1973 watu wazima wapatao milioni 2 wa Tanzania waliketi katika makundi kwa wiki 12 wakijadili kichocho, minyoo, malaria, kuhara na kifua kikuu? Kampeni iliitwa Mtu ni Afya, na iliendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ya Dar es Salaam pamoja na Redio Tanzania. Viongozi wa makundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo kabla. Kundi lilikusanyika mahali pamoja, pengine chini ya mwembe, pengine darasani, likawasha redio ya betri na kusikiliza kipindi. Kisha kitabu kikasomwa kwa sauti ili wasiojua kusoma wasiachwe. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza: ugonjwa huu kwetu upo? Unatokana na nini hapa kijijini? Wiki hii tutafanya nini?

Swali hilo la mwisho ndilo lililoitofautisha kampeni hii na hotuba. Kundi halikuondoka bila kuamua jambo la kufanya: kufyeka nyasi, kufukia madimbwi, kuchemsha maji, kuchimba choo. Vyoo vilivyochimbwa mwaka ule vilihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Serikali ilikuwa imewahamasisha watu kuchimba vyoo tangu zamani, na wakoloni kabla yake walitoa amri na faini. Tofauti ya mara hii ni kwamba jirani alikwishasema mbele ya wenzake kwamba atachimba.

Miaka 20 baadaye redio hiyo hiyo ilileta mchezo wa kuigiza, Twende na Wakati, kuanzia Julai 1993. Wengi wenye umri wa kukumbuka bado wanamjua Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu aliyechoka akaamua kujitegemea. Kisichojulikana na wengi ni kwamba Dodoma iliachwa nje kwa makusudi. Kituo cha huko kilirusha vipindi vingine kwa miaka miwili, ili watafiti, akiwamo Everett Rogers wa Marekani, walinganishe. Penye mchezo, watu walibadilika zaidi kuhusu uzazi wa mpango na kuhusu kujikinga na UKIMWI kuliko Dodoma. Na mojawapo ya njia za badiliko hilo ilikuwa maongezi ya mume na mke. Jambo lililokuwa aibu kulitaja chumbani lilitajika kwa kisingizio cha Mkwaju. Dodoma nao walipata mchezo wao kuanzia mwaka 1995.

Chumvi, sukari guru na mshahara wa mwalimu

Mtoto anayeharisha hauawi na kinyesi. Huuawa na upungufu wa maji. Maji matupu hayamsaidii sana kwa sababu utumbo uliougua hauyavuti vizuri. Lakini ukuta wa utumbo una milango inayopitisha sukari na chumvi kwa pamoja, na milango hiyo huendelea kufanya kazi hata wakati wa kipindupindu. Vikipita hivyo viwili, maji huvifuata. Mwaka 1971, wakimbizi wa vita vya Bangladesh walipomiminika India, daktari Dilip Mahalanabis alikuwa kwenye kambi ya Bongaon, dripu zimemwishia, wagonjwa wa kipindupindu wamelala sakafuni. Akachanganya chumvi, glukosi na magadi kwenye mapipa, akawapa ndugu wa wagonjwa vikombe wanyweshe. Vifo vilivyokuwa karibu 30 katika kila 100 vikashuka chini ya 4.

Hiyo ni sehemu inayosimuliwa sana. Mimi huvutiwa zaidi na kilichofuata, ambacho hakina shujaa mmoja. Kuanzia mwaka 1980 shirika la BRAC la Bangladesh lilituma wanawake waende nyumba kwa nyumba wamfundishe kila mama kutengeneza maji hayo kwa vitu vya jikoni: chumvi ya ncha za vidole vitatu, sukari guru ya kukunja kiganja, na maji karibu nusu lita. Mwalimu aliketi na mama, akamweleza, akamwacha achanganye kwa mkono wake mwenyewe huku wakiongea.

Na mshahara? Baadaye mkaguzi alipita kwa baadhi ya akina mama waliofundishwa, akawauliza mambo 10 ya kukumbuka, akawaomba wachanganye, na mchanganyiko ukapimwa maabara. Mwalimu alilipwa kwa kadiri mama alivyokumbuka. Sijui mpango mwingine wa afya uliothubutu kumlipa mtaalamu kwa kile kilichobaki kichwani mwa aliyemsikiliza.

Hata hivyo mwanzoni akina mama walikumbuka vizuri lakini walioyatumia walikuwa wachache. BRAC ikachunguza na kugundua mambo mawili. Baadhi ya walimu wenyewe hawakuyaamini maji yale: wakiharisha wao, walitafuta vidonge. Na waume walikuwa hawajaambiwa chochote. Walimu wakapelekwa Dhaka waelezwe jinsi maji yanavyofanya kazi mwilini na kuona wagonjwa wakipona. Wakaanza kuyanywa mbele za watu. Wengine wakapewa kazi ya kuongea na wanaume sokoni na misikitini. Kufikia mwaka 1990 nyumba zaidi ya milioni 12 zilikuwa zimefikiwa. Siku hizi pakiti ya chumvichumvi ipo duka la dawa na zahanati, ipimwe kwa maji kama ilivyoandikwa, na mtoto apewe pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14.

Wakati wa kunyamaza

Kuna dakika ambayo maongezi huharibu tiba: unapopimwa presha. Kuongea tu huku mkanda ukiwa mkononi kunaweza kuipandisha presha kwa alama 10 au zaidi, kiasi cha kumfanya mzima aanzishiwe dawa. Kibofu kilichojaa nacho huipandisha, hali kadhalika kukunja miguu nne au mkono kuning'inia. Kaa dakika 5 umetulia, mgongo umeegemea, miguu sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Muuguzi akikuuliza swali wakati mashine inavuma, subiri imalize ndipo umjibu.

Bibi wa benchini

Dixon Chibanda ni daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, nchi ambayo wataalamu wa fani yake walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Mgonjwa wake mmoja, binti kijana, alijiua. Mama yake alieleza kwamba walipaswa kurudi hospitali lakini nauli ya basi ilikosekana. Chibanda aliona kwamba kumngojea mgonjwa hospitalini hakutoshi. Kule Mbare, mtaa wa watu wengi jijini Harare, hakupewa wauguzi wala chumba. Alichopewa ni bibi 14, wahudumu wa afya wa kujitolea, na nafasi nje ya kliniki. Wakaweka benchi chini ya mti.

Bibi humkaribisha mgeni na kumwachia aeleze yote yanayomkosesha usingizi. Kisha humwomba achague tatizo moja, moja tu, na wanalitafutia hatua anayoiweza kabla ya kuonana tena. Chibanda alipowafundisha lugha ya vitabu, bibi walimrudisha kwenye Kishona cha nyumbani, kwamba mtu huyu ana mawazo yaliyozidi, na watu wakaelewana nao. Kwetu pia mtu atakwambia "nina mawazo" miezi mingi kabla ya kukubali kwamba anaumwa.

Utafiti uliochapishwa Desemba 2016 ulifuatilia wagonjwa 573 wa kliniki za Harare. Baada ya miezi 6, kati ya waliopata huduma ya kawaida tu, karibu 50 katika kila 100 walikuwa bado na dalili za sonona. Kati ya waliokaa na bibi walikuwa karibu 14 katika kila 100. Mabenchi ya aina hiyo yamefika Malawi, Zanzibar na hata New York.

Kutwa mara tatu

Dirisha la dawa ndipo mazungumzo ya hospitali huisha, na ndipo huwa mafupi kuliko pote. Mfamasia anaandika 1x3 kwenye kibahasha, anasema "moja kutwa mara tatu", anaita namba inayofuata. Mgonjwa anameza asubuhi na chai, mchana na ugali, jioni jua likizama, na usiku mzima wa saa 12 unapita bila dawa, ilhali dawa nyingi za kuua bakteria za mtindo huo zinatakiwa kila baada ya saa 8. Mwingine anaacha siku ya tatu kwa kuwa homa imekata.

Roy Kessels wa Uholanzi alikusanya tafiti za jambo hili mwaka 2003: kati ya 40 na 80 katika kila mambo 100 anayoambiwa mgonjwa husahauliwa papo hapo, na karibu nusu ya yanayokumbukwa hukumbukwa vibaya. Wazee husahau zaidi, na mwenye hofu husahau zaidi ya wote, kwa sababu akili imebaki kwenye lile neno moja, sukari, au saratani, na yaliyofuata yamempita.

Dawa ya kusahau huku ni kurudia. Mtaalamu mzuri haulizi "umeelewa?", kwa sababu hapo kila mtu atajibu ndiyo. Husema: "Hebu nieleze, ukifika nyumbani utazimezaje?" Asipokuuliza, anza wewe: "Nirudie kidogo, dada, kama nimekupata vizuri. Hizi nyeupe, saa moja asubuhi, saa tisa alasiri, saa tano usiku, hata nikijisikia nimepona, mpaka ziishe. Hizi za njano baada ya kula. Na dawa ya mizizi ninayokunywa nyumbani, niache au niendelee?" Inachukua chini ya nusu dakika, na kama kuna kosa, linaonekana hapo hapo dirishani, kibahasha kikiwa bado mkononi mwa aliyekiandika.